Jina la Mama Nyirabagenzi katika Bibliografia

Papa na Mama wote, ndugu wa Karuba, na ninyi mliotoka Walikale kwa miguu na mvua hii, marehemu Athanase Nzabandora alizaliwa hapa Karuba tarehe 14 Machi 1936, mtoto wa pekee wa Mama Nyirabagenzi, huyu mnayemwona ameketi kando ya jeneza, aliyemlea kwa jembe na maharage.

Alianza shule ya misheni mwaka 1943, akawa mwalimu Walikale Septemba 1955, akafunga ndoa na Emérita tarehe 1 Agosti 1959, Mungu akawajalia mabinti wawili, Céline na Béata, na huyu mdogo tangu juzi anauliza baba anaamka saa ngapi, ole wetu.

Oktoba 1961 alikwenda kusoma chuo kimoja cha Bukavu, akaandika kazi yake ya mwisho juu ya mbegu za maharage za Masisi, na kazi ya namna hiyo hufungwa kwa bibliografia, yaani orodha ya vitabu ambamo mwandishi amechota maarifa, ili msomaji ajue hakuiba, basi Athanase, chini ya vitabu sita vya Wazungu, akaandika: Nyirabagenzi, mulimaji, Karuba. Profesa akakasirika, akasema muntu si kitabu, jina lifutwe ao hakuna diplome, Athanase akajibu kwa heshima kwamba vitabu vyote sita havikumfundisha hata robo ya aliyofundishwa shambani na mama yake, akafunga sanduku, akarudi Juni 1964 mikono mitupu.

Jamani, tulimcheka! Mama mwenyewe alimuuliza mbele ya watu, kwa uchungu wa mzazi, diplome yake njo iko wapi, naye akaificha sababu, maana alijua, na Emérita peke yake ndiye aliyeambiwa, kwamba Mama akipata habari ataamuru jina lifutwe siku ileile. Akarudi Walikale kwenye darasa lake la watoto wadogo.

Ini lilianza kumuuma Februari 1968, akalazwa mara tatu, akafariki Jumanne tarehe 8 Oktoba.

Tunawashukuru waganga waliohangaika naye, majirani waliomleta kwa kipoyi, ile machela ya kubebwa mabegani, na walimu wenzake waliofundisha darasa lake alipolala kitandani. Na wewe Mama, mwanao hakushindwa, Emérita ametufunulia yote, na ile karatasi ya bibliografia hii hapa, tunakukabidhi mkononi, jina lako halikufutwa. Athanase, utusamehe kicheko chetu, upumzike kwa amani.