Solmui Haimo Kwenye Kompyuta

Kona yetu ya Euljiro, kati ya wachapishaji na duka la karatasi, ina benchi moja na mashine ya kahawa. Hapo ndipo tunapoiendesha nchi kila asubuhi: Risasi, aliyepanga herufi za risasi kwenye kiwanda cha uchapaji miaka thelathini, Tofali, mwashi, na mimi Bandari, mpishi wa meli niliyeiona dunia nzima kupitia dirisha la jiko. Leo Risasi kaja kanuna. Mjukuu wake kafikisha mwezi, leo ni siku ya mwisho kumwandikisha, na karani kasema kompyuta haina jina lake.

— Haina vipi? — nikauliza. — Solmui jina zuri, marehemu mkeo kalichagua mwenyewe.

— Silabi “Sol” imo. “Mui” haimo. Kinatokea kiboksi kitupu. Eti tubadilishe jina.

— Mtoto aitwe Sol Kiboksi! — Tofali akapaliwa na kahawa.

— Cheka tu. “Mui” ni nini? M juu, mstari umelala chini yake, mwingine umesimama ubavuni. Mtoto wa chekechea anaijenga!

— Ndiyo raha ya maandishi yetu, mzee — Tofali akasema. — Unaunga herufi, unapata silabi. Haba na haba hujaza kibaba! Herufi za kuanzia silabi ni kumi na tisa, irabu ishirini na moja, za kumalizia chini ishirini na saba, au uache wazi. Zidisha.

— Elfu kumi na moja, mia moja sabini na mbili — Risasi akajibu bila kupepesa. — Kompyuta imewekewa silabi elfu mbili, mia tatu na hamsini tu. Zimeshajengwa, huwezi kuunga nyingine.

— Wana matofali, wakaenda kununua nyumba!

— Labda zote zikiingia ofisi itainama — nikasema. — Meli ikizidiwa mzigo...

— Bandari, wewe uliunguza wali katikati ya bahari — Tofali akanikatiza. — Usitufundishe mzigo. Silabi zilizobaki ziko kaskazini, ng'ambo ya mpaka. Siku nchi ikiungana zitarudi, nazo tuzipe kazi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!

Hapo akafika Gyeong-ran, mke wa mwanawe Risasi, mtoto kamfunga mgongoni.

— Baba, karani anafunga daftari la vizazi saa sita. Kwani hao waliochagua hizo elfu mbili, walijuaje watoto wetu wataitwa nani?

Tofali akamwaga kahawa iliyobaki. Mimi, bingwa wa bandari arobaini, nikafunga vifungo vya koti.

Risasi akainuka.

— Jina halibadilishwi. Karani ataandika “Mui” kwa kalamu penye kiboksi, nami nitamshikia karatasi.

Tukamfuata sote. Nilipogeuka, ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuliona benchi lile tupu.