Gari la Aliko Mwansasu Lililokohoa Mlimani

Ndugu waombolezaji, wachungaji, majirani wa Makwale nanyi mliotoka mbali, familia imepewa nafasi hii kueleza maisha ya mpendwa wetu Aliko Ezra Mwansasu, mtu ambaye hakuwahi kukaa mahali pamoja akatulia, kwa hiyo mtuvumilie.

Marehemu alizaliwa hapa hapa Makwale tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu wa Mzee Ezra na mama yetu Tupokigwe, akasoma shule ya msingi kuanzia 1976 hadi 1982, ambako alisifiwa kwa hesabu na kuchapwa kwa kufungua baiskeli ya mwalimu mkuu ili aone breki zinavyoshika. Mwaka 1984 alikwenda Mbeya kujifunza ufundi wa magari, na mwaka 1994 akafungua gereji yake Ipyana, ambako wengi wenu mlikuta magari yenu yanasubiri, fundi yuko chini ya gari lake mwenyewe.

Tarehe 7 Septemba 1996 alifunga ndoa na Veronika kanisani Ngonga, wakajaliwa watoto wawili, Lusungu na mdogo wake Jubilate, na hapo gari halina budi kutajwa, maana mama watoto alilihesabu kuwa mtoto wa tatu, tena mlafi.

Ilikuwa Korola iliyopinduka ajalini, aliyoinunua mwaka 1999 akaiunda upya kwa ajili ya mashindano ya mbio za magari, akaiita Ndaga, yaani ahsante kwa lugha yetu, na watu wakawa wanauliza ahsante ya nini. Kwenye barabara ya Ngonga lilikimbia hadi kuku wakahama, lakini lilipopandishwa Mbeya kushindana, mwaka 2003, 2006 na 2011, lilikohoa, likatoa moshi mweusi, likazima kabla ya nusu ya njia. Alibadilisha giaboksi, akabadilisha springi, akang'oa milango akaweka ya bati jepesi, kabureta tu, ile inayochanganya petroli na hewa, ndiyo hakuigusa, kwa sababu huku nyumbani ilifanya kazi bila kasoro. Salim, muuza spea wa mjini na rafiki yake wa miaka mingi, alimwambia, "Ndugu yangu, lifungie tela libebe mpunga," naye akanuna wiki nzima, kwani alitaka ajue kabla hajafa kama gari ni bovu kweli au ni yeye hajalielewa.

Mei 2022 figo zake zilianza kushindwa kazi, akawa anapanda Mbeya kusafishwa damu, na siku moja kwenye ngazi za hospitali, kifua kimembana, alimshika Veronika mkono akasema, "Mama Lusungu, hewa ya huku ni chache, na Ndaga nalo linaikosa!" Miaka yote alikuwa akilipimia petroli kwa hewa nzito ya bondeni, kisha analipandisha kwenye hewa nyepesi ya mlimani, linapaliwa na mafuta. Alimpigia Salim simu pale pale, aagize jeti ndogo za kabureta, vile vitundu vinavyopitisha petroli, nesi akamgombeza, hakusikia.

Septemba 2024, jeti ndogo zikiwa zimeshafungwa, Lusungu aliliendesha mwenyewe kwenye mashindano huko Mbeya, likamaliza kwa mara ya kwanza, la tisa kati ya magari kumi na moja, nasi tuliokuwa kando ya kitanda chake tulipopigiwa simu tukapiga vigelegele, lakini yeye akauliza wale wawili wa nyuma walipatwa na nini, akaambiwa mmoja alipinduka na mwingine alipasua rejeta, akasema, "Basi bado," akageukia ukutani. Tuliumia. Kesho yake alianza kuelekeza springi za nyuma zikatwe vipi, na alikuwa bado anaelekeza Jumatatu tarehe 3 Februari 2025, saa nne asubuhi, pumzi ilipokatika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani mliopika na kulala hapa, mafundi wenzake wa Ipyana, na Salim ambaye hakuchoka kupokea simu, ndaga fijo, ahsanteni sana. Wapo wanaouliza kama gari lile lingekuja kuwa zuri, familia haijui, marehemu naye amekufa hajui, na hilo ndilo linalotuuma kuliko yote. Funguo anazo Lusungu. Gari bado, Aliko, lakini kuanzia leo si kazi yako, toa mikono, baba, upumzike kwa amani.