Damu ya Nelima Ichukuliwe Asubuhi

Saboti, Jumatano, 14 Juni 2006. Asubuhi ya leo ni manyunyu, na ukungu umeufunika mlima.

Mgeni rasmi, Bwana Daktari wa Wilaya, mwalimu wetu na majirani, Bwana asifiwe.

KARIBU

Sisi ni wakulima na akina mama wa soko tuliochelewa kusoma. Wengine tulishika kalamu tukiwa na wajukuu. Kila jioni tunaanza darasa letu kwa maombi.

TULIPOFIKA

Mwaka jana mwenzetu Nelima, mzaliwa wa Matulo, alikuwa wa kwanza kusoma Zaburi nzima bila kukwama. Kisha akaanza kukonda na kuwa mweusi hata kwenye mistari ya viganja. Chumvi aliilamba kama peremende. Jelagat, kiongozi wetu wa maombi, akamtania, "Wewe Nelima, si uhamie kwa ng'ombe!"

"Niache nilambe, bana," akajibu akicheka. Wiki iliyofuata alianguka akipalilia mahindi.

SHIDA YETU

Daktari wa Kitale alishuku tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo. Hizo hutengeneza homoni iitwayo kotisoli, na kuipima kwenye damu kungeonyesha kama zimedhoofika. Akaonya: damu itolewe saa mbili asubuhi, homoni ikiwa juu. Mchana hushuka hata kwa mwenye afya.

Mgeni rasmi, sisi hatumwachi mtu aende hospitali kabla ya kumwekea mikono. Siku ya kutolewa damu kila mmoja aliomba, na Jelagat akaomba mara mbili. Nelima, akiwa amepiga magoti, aliona jua likipanda dirishani.

"Mama, saa zinaenda."

"Tulia, mwanangu. Mungu hachelewi," Jelagat akamjibu.

Damu ikatolewa saa nane mchana. Jibu likaja: kotisoli iko chini. Ni ugonjwa, ama ni mchana? Daktari hakuweza kusema. Sasa Nelima anatapika, na kusimama ni kwa kushikwa. Tunaogopa, na wa kulaumiwa ni sisi.

OMBI

Tunaomba apimwe tena kesho, na damu ipelekwe Eldoret, inakopimwa, siku hiyo hiyo. Akizidiwa kabla ya jibu, tafadhali asiachwe kwenye foleni.

Mungu aibariki mikono yako, Daktari, na nyumba yako. Sasa Jelagat anasimama, nasi pamoja naye, tuseme kwa sauti mbele yako na mbele ya majirani hawa:

"Kesho Nelima atakuwa mlangoni pa maabara kabla ya saa mbili. Hakuna atakayemzuia. Tutaomba tukiwa njiani."

Ni sisi, Darasa la Jioni la Watu Wazima, Saboti.