Daktari wa Ng'ombe Aliyeogopa Ng'ombe

Bwana asifiwe, wapendwa! Na asifiwe hata na wale walioketi kule nyuma karibu na mlango, maana hao ni majirani zetu wa hapa Kinoru na wananijua vizuri!

Mimi ni Kagendo, binti ya yule fundi wa cherehani mnayemwona mstari wa pili, anayejifanya anasoma Biblia ili msimwangalie. Kesho asubuhi narudi chuoni, upande wa Embu, kuanza muhula wangu wa mwisho. Wiki hii yote nimekuwa nikipanga nguo huku nikiikumbuka miaka yangu ya chuo, na nimeona siwezi kuondoka na jambo hili kifuani. Ndugu zangu, nilikuwa mwongo. Na Mungu amenitoa hapo!

Mnakumbuka siku nilipopata nafasi ya kusomea afya ya mifugo. Mliimba, mkaniwekea mikono. Baba alinishonea koti jeupe kabla hata chuo hakijasema tunahitaji koti, na kila mteja aliyekuja kuchukua suruali yake aliambiwa, "Huyu ndiye daktari wangu wa ng'ombe." Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hakuna aliyelijua. Nilikuwa naogopa ng'ombe.

Chekeni tu, leo nimeruhusu! Nilipokuwa na miaka saba, ng'ombe wa nyanya yangu alinibeba kwa pembe akanitupa juu ya ua la michongoma. Kovu liko hapa begani. Tangu siku hiyo, nikisikia ng'ombe akipumua karibu nami, nakimbia. Lakini sisi ni watu wa nyumba ya kupanga, ng'ombe tunamjua kwenye kikombe cha chai. Nani angegundua? Barua ya chuo ilipokuja nilitaka kusema. Nikamwangalia Baba alivyofurahi, nikanyamaza.

Darasani nilikuwa mbele ya wote. Shida ilikuwa zizini. Tulifanya mazoezi wawili wawili, na mwenzangu alikuwa Wanja, msichana wa Karurumo aliyekulia kwa ng'ombe, anayewasemesha kama dada zake. Wanja hakuogopa mnyama yeyote, lakini aliogopa kalamu. Basi tukapatana. Yeye angeshika ng'ombe wangu, mimi ningeandika ripoti zake. Mwalimu Njeru, aliyesimamia mazoezi, alikuwa mmoja na sisi tulikuwa wengi. Alipopita kutia sahihi alikuta kazi imekwisha na vitabu vyetu viwili vya kumbukumbu za mazoezi vimefunguliwa. Kupima joto, ni Wanja. Kudunga chanjo, ni Wanja. Kuzalisha ng'ombe mara tatu, ni Wanja, lakini kitabu changu kilisema Kagendo amezalisha watatu. Na jioni nilikuwa naongoza nyimbo katika ushirika wa wanafunzi, mikono juu, machozi yakitoka! Ndugu zangu, mtu anaweza kuimba vizuri na bado amepotea.

Halafu nikatumwa Ruiri kwa mazoezi ya kazini, chini ya daktari wa mifugo wa pale, Daktari Mutwiri. Mwezi wa kwanza nilijificha vizuri. Nilibeba mkoba, nikaandika majina ya wafugaji, nikachemsha sindano. Yeye aliona mwanafunzi mnyenyekevu.

Alhamisi moja, jua likiwa katikati, daktari alikuwa amekwenda Timau. Akaja mama mmoja mbio, leso ikining'inia begani. Anaitwa Mama Karimi.

"Daktari yuko wapi?"

"Ametoka, Mama."

"Basi twende wewe. Ng'ombe wangu anasukuma tangu asubuhi. Mguu mmoja umetoka, wa pili hauonekani."

Nilivaa viatu vya gambuti, nikamfuata. Mama Karimi alikuwa na ng'ombe huyo mmoja tu. Huyo ndiye aliyewanywesha maziwa wajukuu wake wanne. Tulimkuta amelala kwa ubavu nyuma ya nyumba, macho yamemtoka, amechoka. Nikampigia daktari, nikaiweka simu kwenye spika.

"Mimi nitafika baada ya masaa mawili," akasema. "Huyo ndama hatangoja. Fanya wewe. Si umezalisha watatu? Nimeona kwenye kitabu chako."

Hapo ndipo Mungu aliponikamata! Ningeweza kukata simu nikasema mtandao umepotea. Mama Karimi alikuwa ananitazama vile watu wanavyomtazama daktari. Nikasikia kinywa changu kikisema, "Daktari, sijazalisha hata mmoja. Kile kitabu ni cha uongo. Mimi naogopa ng'ombe."

Mama Karimi alikuwa amesikia kila neno. Nikangoja kufukuzwa. Daktari akashusha pumzi.

"Hayo tutayazungumza. Mikono yako ni safi?"

"Hapana."

"Osha mpaka kwapani. Mama, wewe shika simu karibu na sikio lake."

Na yule mama, badala ya kunitukana, aliniletea maji moto, sabuni na mafuta ya kupikia, akaniambia, "Mwari wakwa, binti yangu, hata mimi nilipojifungua mara ya kwanza niliogopa. Piga magoti hapa."

Nikapiga magoti. Ombi langu lilikuwa fupi: Bwana, ukweli nimeusema, sasa usiniache. Nikaingiza mkono. Ng'ombe akaguna, na mimi nikapiga kelele.

"Nani huyo analia?" daktari akauliza.

"Ni wote wawili," Mama Karimi akajibu.

"Kagendo, unashika nini?"

"Pua. Mdomo." Kisha nikasikia kitu kikivuta kidole changu. "Daktari, ananyonya kidole! Yuko hai!"

"Basi usimcheleweshe. Mama yake akipumzika kusukuma, rudisha kichwa nyuma polepole. Fuata bega mpaka goti. Ukipata kwato, ifunike kwa kiganja isimchane, uilete mbele."

Mkono ulikufa ganzi. Kwato ikateleza mara moja, ikateleza tena. Nikalia, nikaomba, nikajaribu. Ikaja! Miguu miwili sambamba, kichwa juu yake, vile nilivyochora vizuri sana kwenye mitihani yangu. Tukafunga kamba, Mama Karimi akatupa simu kwenye nyasi, na kila ng'ombe aliposukuma, sisi tukavuta. Ndama akatoka kwa ghafla, tukaanguka chali sote watatu kwenye tope. Nikamfuta pua, nikamsugua kwa gunia, nikamtekenya puani kwa unyasi. Akapiga chafya! Haleluya! Mama Karimi alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja mbio, na kule kwenye nyasi kulikuwa na sauti ndogo inaita, "Hallo? Hallo? Si mniambie basi!"

Ndipo nikagundua kwamba nimeegemea tumbo la ng'ombe. Alikuwa anamlamba mtoto wake, akaulamba na mkono wangu, na mimi sikukimbia. Ndugu zangu, sikukimbia!

Daktari Mutwiri alipofika alimkagua mama na mtoto, akafungua kitabu changu, akaandika: mmoja. Akasema, "Hao wengine watatu utamalizana nao chuoni."

Nilimpigia Wanja. Alikasirika. "Unataka tufukuzwe sote?" Kwa wiki mbili hakushika simu yangu. Kisha akanipigia mwenyewe. "Twende basi. Mimi pia moyo umenilemea."

Tulisimama mbele ya Mwalimu Njeru, tukakiri. Alitusikiliza mpaka mwisho, akachukua vitabu vyote viwili, akafuta kila kitu ambacho hatukufanya. Changu kilibaki karibu kitupu. Hakutufukuza, lakini tuliyarudia yote, likizo nzima, yeye akiwa amesimama kando. Wanja alinifundisha kumsemesha ng'ombe kabla ya kumgusa. Mimi nilimfundisha namna ya kuanza sentensi ya kwanza. Nawaambia, ile ndiyo likizo tamu kuliko zote nilizowahi kuwa nazo! Sahihi ya mwisho tuliipata Jumanne ya wiki iliyopita, na mara hii ni ya kweli.

Kwa Baba ndipo palipokuwa pagumu. Nilimkuta kwenye cherehani, nikamwambia yote. Akaondoa mguu kwenye kanyagio.

"Mbona hukuniambia unaogopa?"

"Ulikuwa umefurahi sana, Baba."

"Kagendo, mimi nilifurahi kwa sababu ni wewe. Hata ungesomea kushona vifungo, ningefurahi vivyo hivyo." Halafu akacheka mpaka akaanguka juu ya kitambaa cha watu.

Kwa hivyo nasimama hapa kushukuru. Namshukuru Mungu ambaye alinifunua mbele ya mtu mwenye huruma. Nawashukuru Daktari Mutwiri, Mwalimu Njeru, Wanja wangu, na Mama Karimi, ambaye ndama wake sasa anaruka ua. Sisemi hofu imeisha yote. Moyo bado unadunda nikiingia zizini. Lakini sasa naingia, na siingii peke yangu.

Labda wewe uliyeketi hapa unasifiwa kwa jambo ambalo hukulifanya, na kila sifa inakuuma. Ndugu yangu, dada yangu, usingoje mpaka ukamatwe. Mwambie Yesu leo, kisha umwambie na yule uliyemdanganya. Utatetemeka, lakini atakushika. Mimi alinishika nikiwa nimejaa tope mpaka kwenye nywele!

Niombeeni muhula huu. Na kama kuna yeyote kati yenu ana ng'ombe anayekaribia kuzaa nikifunga chuo, tafadhali niiteni. Nitakuja mimi mwenyewe.