Baruti Kwanza: Tunamuaga Delmar Huckaby wa Idara ya Maji

Ijumaa ya tarehe 31 Oktoba, saa za kazi zikiisha, Delmar Huckaby atatundika funguo za lori ukutani na kuiacha Idara ya Maji ya Kaunti ya Laurel Fork baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Meneja ameniomba mimi niandike habari zake kwa sababu meza yangu ya bili iko karibu na mlango anaoingilia, na pia kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, "Maxine, wewe humwogopi." Kweli simwogopi. Nimeshamnusa kiasi cha kutosha.

Maana Jumatatu haikupita bila Delmar kuingia ofisini ananuka moshi wa baruti, ile harufu ya mayai viza, imemkaa kwenye ndevu kama iliyolipa kodi. Mwaka mmoja alikuja mkaguzi kutoka Nashville, akasimama mapokezi, akanusa mara mbili, akauliza kwa upole kama visima vyetu vimeingiwa na salfa. Nikamwambia, "Visima viko salama, bwana. Huyo ni Delmar." Mkaguzi akaandika kitu kwenye karatasi zake na mpaka leo hatujui ni nini.

Aliajiriwa kama msoma mita, akitembea kwa miguu na kufukuzwa na mbwa wa kila bonde la kaunti hii. Baadaye akawa fundi bomba, na mwisho msimamizi wa mafundi wote wa nje. Wanaokumbuka baridi ile iliyopasua bomba kuu la shule watakumbuka pia nani alilala kifudifudi kwenye mtaro wa matope yenye barafu mpaka maji yakarudi. Alipotoka ndevu zake zilikuwa zimeganda. Swali lake la kwanza lilikuwa kama tumemwekea mkate wa mahindi na maharage, na tulipoinamisha vichwa alitutazama kwa huzuni ambayo sijaisahau. Tulikuwa tumekula vyote.

Basi huyo ndiye fundi. Lakini mapenzi ya Delmar yalikuwa kwenye gobori. Analo moja aliloliunda mwenyewe, refu kunizidi mimi, zito kama reli, kitako chake cha mti wa jozi, na linawashwa kwa jiwe la gumegume kama lile la babu yake. Wengine hapa wana bunduki za kisasa za kila namna, naye huziangalia kama mtu anayeangalia chakula cha kopo. Anasema bunduki inayojipakia yenyewe haikuhitaji wewe uwepo. Amewafundisha nusu ya wafanyakazi wa idara hii. Saa ya chakula cha mchana alikuwa akiyeyusha risasi kwenye sufuria nyuma ya gereji na kusubu gololi za kupigia, na alikuwa akiosha mtutu wake kwa maji ya moto na sabuni kwenye sinki letu la jikoni, mpaka nilipobandika tangazo. Akalisoma, akausifu mwandiko, akaendelea kuosha.

Somo lake lilikuwa moja tu, na alilirudia mpaka tukaliota. Baruti kwanza. Halafu kitambaa chenye mafuta, halafu gololi, halafu unashindilia kwa mdeki, ule ufito wa kusukumia. Ukikosea mpangilio ukaanza na gololi, umefunga mlango na ufunguo umebaki ndani. Aliliingiza somo hilo katika kila jambo. Nikiwasha mashine ya kahawa bila kutia kahawa, "Baruti kwanza, Maxine." Meneja akitoa hotuba ya bajeti isiyo na bajeti, sauti inatoka nyuma, "Baruti kwanza!"

Mimi nilikuwa siipendi hiyo michezo yao, niseme ukweli. Nilikwenda kwenye uwanja wao wa kulenga mara ya kwanza kwa ajili ya kumnyamazisha tu. Akanilaza kifudifudi nyuma ya gogo, maana huku kwetu ndivyo tunavyopiga, mtutu umeegemea gogo na tumbo lako liko kwenye nyasi. Nikavuta. Loo! Moto, moshi, sikuona ubao wa shabaha wala mikono yangu mwenyewe. Moshi ulipoondoka nilikuwa uso mweusi ti kama chini ya chungu, nacheka kama mwehu. Delmar akasema, "Umekosa ubao, umekosa na nguzo, lakini mlima umeupata." Siku hiyo nikaacha kubandika matangazo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kila mtu anataka niliandike. Kila Oktoba idara za kaunti hupambana kwenye Mashindano ya Ng'ombe. Kila mpigaji anakuja na ubao wake aliouunguza motoni ukawa mweusi, ameukata alama ya X kwa kisu. Anapiga risasi kumi, kisha mwamuzi anachukua uzi na kupima kutoka katikati ya X hadi kila tundu, akiunganisha umbali wote kwenye uzi huohuo. Mwenye uzi mfupi kuliko wote ndiye bingwa. Huyo anachagua paja la kwanza la ng'ombe, wanaomfuata wanachagua yaliyobaki, na wa tano anapewa ngozi na mafuta na kuambiwa asinune.

Lakini nyama huisha. Kinachowaliza watu wazima ni pembe. Ni pembe ya ng'ombe ya kubebea baruti, ya zamani, imekuwa rangi ya asali, na kila bingwa jina lake linachongwa juu yake. Kazi hiyo ya kuchonga hakuna aliyeiweza kaunti nzima isipokuwa Delmar. Ana mkono huo. Na Delmar huyohuyo hajawahi kushinda. Wa pili, ndiyo. Wa tatu, mara nyingi. Ngozi na mafuta ameshapeleka nyumbani mpaka mkewe Arvella akamwambia ataishona hema. Mbele yake siku zote alikuwepo Hobart Swafford, dereva wa greda wa Idara ya Barabara, mtu mnene mwenye mkono usiotetemeka hata ukimwagia maji baridi. Kwa hiyo mwaka baada ya mwaka Delmar alikaa na kisu chake kidogo akachonga "H. Swafford" kwa herufi nzuri ajabu, akapuliza vumbi, akamkabidhi Hobart pembe na kumpa mkono.

Na sheria ya mashindano hayo haina huruma: anayepiga lazima awe mfanyakazi wa kaunti siku hiyo. Ukistaafu, unakuwa mtazamaji. Kwa hiyo Jumamosi ile ya mwanzoni mwa mwezi huu ilikuwa nafasi ya mwisho ya Delmar kuliona jina lake kwenye pembe, na sote tulilijua hilo. Yeye alisema anakuja kula tu. Mwongo mkubwa. Nilimwona akibadilisha jiwe la gumegume mara tatu kabla hata ya kahawa.

Alipiga kama sijawahi kumwona akipiga. Risasi tisa, na matundu yote yalikuwa yamebanana pale kwenye X kama vifaranga. Hobart alikuwa ameshamaliza zake kumi na uzi wake ulikuwa umepimwa tayari. Mwamuzi akatuambia hesabu: risasi ya mwisho ya Delmar ikianguka popote ndani ya upana wa kiganja kutoka kwenye X, pembe ni ya Idara ya Maji. Upana wa kiganja! Kwa umbali ule Delmar hulipata hilo huku anapiga chafya. Meneja alikuwa ameshaanza kunikumbatia.

Hapo ndipo Hobart alipoinuka kwenye kiti chake, akavua kofia, akamwendea Delmar aliyekuwa anasafisha mtutu. Akamshika bega. "Ndugu yangu," akasema, "ukishinda ukishindwa, mimi mwakani nitapigana na nani?" Delmar akafuta macho kwa mkono wa shati, akaokota kitambaa, akaweka gololi, akashindilia kwa mdeki mpaka chini.

Akautazama mdeki. Ulikuwa umezama kupita kawaida. Akautazama tena.

"Ah, hapana," akasema Delmar.

Hakuwa ametia baruti. Mwalimu mwenyewe! Nilisikia uwanja mzima ukivuta pumzi, halafu ukalipuka kwa kicheko, na mimi nilicheka na kutaka kulia kwa pamoja. Wapo wanaosema Hobart alimfanyia makusudi. Hobart ameapa mbele ya mchungaji wake kwamba sivyo, na mimi namwamini, ingawa ubishi bado unaendelea kwenye mkahawa.

Sheria yetu hapo ni ya kale na haibembelezwi. Gololi ikishaingia mtutuni ndiyo yako. Ukiichomoa kwa skrubu umeipoteza, na risasi iliyopotea inapimwa urefu wa ubao mzima. Njia nyingine ni moja: uchukue sindano, uingize chembe za baruti kupitia kile kitundu kidogo cha pembeni kinachopitisha moto, chembe baada ya chembe, kisha uisukume gololi tena ikae vizuri, na upige na hicho kidogo ulichonacho. Hicho kidogo kinatosha kuitoa gololi mtutuni. Kuifikisha kwenye ubao ni habari nyingine.

Na kuna adhabu. Anayesahau baruti anavaa kofia ya bata wa manjano mpaka jua lizame. Msiniulize kwa nini bata. Delmar mwenyewe amewavisha watu kofia hiyo bila huruma, mimi nikiwemo. Kwa hiyo nilimletea kwa mikono yangu miwili, na akainamisha kichwa nikamvisha. "Samahani, kaka," nikamwambia. "Kaza basi, isidondoke," akanijibu.

Akalala nyuma ya gogo na bata kichwani, anapenyeza baruti kwa sindano, anagongagonga, anapenyeza tena. Watu wa Barabara wakaanza kuimba sauti za bata. Mwamuzi akaangalia saa. Delmar akasukuma gololi kwa mdeki, akatia baruti kwenye kisahani cha kuwashia, akabana shavu kwenye kitako. Halafu akafanya kitu ambacho hatukukielewa. Akainua mdomo wa bunduki, ukaacha ubao, ukapanda juu ya ubao, ukapanda hadi kwenye kichwa cha nguzo inayoushikilia, ukasimama hapo. Hobart peke yake ndiye aliyeacha kucheka. Nilimsikia akinong'ona, "Huyu mzee anajua anachokifanya."

Gobori halikunguruma. Lilikohoa. Naapa niliiona ile gololi kwa macho yangu ikienda kama mpira uliorushwa na mtoto, ikapanda, ikachoka, ikaanza kushuka, na ikagonga ubao, ko!

Mwamuzi akaenda na uzi. Akapima. Akainama akapima tena. Halafu akanyoosha juu vidole viwili vilivyobanana, maana huo ndio upana uliokuwepo kati ya tundu lile na X. Sikumbuki vizuri kilichofuata. Nakumbuka meneja wetu akikimbia uwanjani na viatu vya kisigino, na Delmar amebebwa juu juu na mafundi wake wote, bata ananesa. Hobart alikuwa wa kwanza kumpa mkono aliposhushwa. "Nieleze," akasema. "Ulijuaje ulenge wapi?"

Delmar akaanza kukuna ndevu. Arvella akamjibia. "Ulizeni kuku wangu!" akasema shemeji yetu, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Huyu bwana kila Jumapili anasahau baruti! Kila Jumapili anachokoachokoa hiyo bunduki nyuma ya banda, halafu anatoboa nguzo yangu ya kuanikia nguo. Mnadhani nguzo ile imeliwa na mchwa?"

Mnasikia? Miaka yote hiyo "baruti kwanza, baruti kwanza," na hakuna mtu kaunti hii aliyeisahau baruti mara nyingi kama yeye. Na kusahau kwenyewe ndiko kulikompa ubingwa. Sijawahi kumpenda kama nilivyompenda dakika ile.

Likabaki la jina. Desturi hairuhusu bingwa ajichonge mwenyewe, na mchongaji mwingine hatuna. Watu wakatazamana. Hobart akanyoosha kiganja chake kipana. "Miaka yote amenichonga mimi," akasema. "Nipeni hicho kisu."

Alikaa juu ya gogo mchana uliobaki, ulimi nje, jasho linamtoka, anachonga kwa ile mikono ya kushika usukani wa greda. Alijikata kidole. Herufi alizotoa zinapanda mlima, moja nene, nyingine nyembamba, na ile ya mwisho imekosa nafasi ikazunguka upande wa pili. Meneja, kwa nia njema, akasema tunaweza kuzisugua na kumpa fundi wa mjini achonge upya kwa mashine.

Delmar alikuwa ameishika pembe kwa mikono yote miwili. "Atakayeigusa," akasema, "mimi na yeye basi." Kisha akaenda nyuma ya lori, na tukamwacha huko akipenga kamasi mpaka alipomaliza.

Paja la kwanza alilichoma palepale na idara zote mbili zikala. Safari hii tulimwekea mkate wa mahindi.

Delmar, kaka yetu, asante kwa maji bombani kila baridi ilipokuja, kwa moshi, na kwa kunilaza kwenye nyasi umri huu. Nenda na afya, macho makali na baruti kavu, na Mungu ailinde nguzo ya Arvella. Unaondoka bingwa, na jina lako limechongwa na mtu uliyemshinda.