Maman Esperance, Aliyenizima Sauti Katikati ya Maombi

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Maman Esperance Kahambu anastaafu baada ya kuwatumikia watoto wa Kampala kama mshauri nasaha kwa miaka ishirini na mmoja. Kamati ya sherehe ilitafuta mtu wa kuandika wasifu wake. Washauri wenye digrii walikuwa na kazi nyingi, mlinzi yuko likizo, basi kalamu ikanifikia mimi, Owuor wa mapokezi. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejifunza kwenye kwaya. Mkikuta sentensi imekaa upande, isameheni.

Maman alizaliwa Butembo, Kongo, akafundisha chekechea huko hadi vita vilipomleta Uganda. Alipoingia Kituo cha Sikio la Mtoto, hapa Kisugu, mwaka 2004, mali yote ya kituo ilikuwa chumba kimoja, mkeka, na mwanasesere asiye na mkono. Mtoto aliyekataa kuongea na watu aliongea na mwanasesere, na Maman alikaa kando akimenya njugu kana kwamba hasikii kitu. Kumbe anasikia hata kile mtoto alichokiruka.

Mwaka 2020 shule zilipofungwa, tukahamia kwenye simu za video. Wiki ya kwanza Maman aliweka simu sikioni kama alivyozoea, na watoto wakatazama ndani ya sikio lake kipindi kizima. Hakuna aliyelalamika. Mmoja wa Kyambogo alilichora sikio lile pamoja na hereni yake, akatutumia, na picha iko ukutani kwangu mapokezi hadi leo. Wageni wakicheka, mimi hucheka kidogo tu, maana aliyemfundisha Maman kutumia simu ile ni mimi.

Lakini shida yetu haikuwa mitambo. Shida ilikuwa sisi wazazi. Mzazi wa kwetu haanzi jambo bila salamu na sala. Akiunganishwa anauliza hali ya Maman, ya wajukuu wa Maman, ya mvua ya Kisugu, kisha anafumba macho, anamwombea mtoto, shule, na taifa zima. Akifika kwenye “Haya, sasa mwanangu sema,” bando limekwisha. Nami niliyekuwa nawaunganisha ndiye niliyewachochea, tena nikiwaongezea na mstari wa Biblia wa kuanzia. Maman alinivumilia, halafu siku moja akaja mapokezi na kikombe chake cha chai akasema, “Papa Owuor, Mungu hatumii bando. Maombi tutayaweka mwisho.” Tangu hapo mtoto huanza, sisi wakubwa hufunga kwa sala. Hiyo ndiyo kanuni ya kituo, na washauri wote aliowalea wanaifuata.

Siri za watoto wa watu sizijui, wala sizitaki. Ninayo moja tu, nayo ni ya nyumbani kwangu Ggaba. Mwenye siri ameisoma kabla yenu, amefuta maneno mawili, mengine ameyaruhusu.

Mke wangu Ayoo alilala katika Bwana mwaka 2022. Binti yetu Awiti, akiwa na miaka kumi na miwili, akaacha kuongea nami. Nikiuliza habari ya shule, “Sawa.” Chakula? “Sawa.” Mimi ambaye kutwa nzima nawaambia wazazi kwenye simu wasichelewe kutafuta msaada, nilichelewa karibu mwaka. Nilifunga, nikaleta mchungaji, nikabandika zaburi kwenye mlango wa chumba chake. Akaifunika kwa kanga. Niliogopa kwamba nimezika wawili.

Mwishowe haya ikanitoka, nikamwendea Maman. Akapanga kipindi: yeye chumbani kwake, mimi kwenye kompyuta ya mapokezi, Awiti nyumbani kwa simu ya shangazi yake, kila mtu ndani ya kisanduku chake kwenye skrini. Niliahidi kunyamaza. Maman hakuuliza neno. Awiti hakusema neno. Nikaona ukimya umezidi, nikafumba macho nikaanza: Bwana, mtazame binti huyu, umwondolee kiburi, umkumbushe na vyombo vya jana. Sikujua kwamba nilipofika kwenye kiburi Maman alikuwa ameshabonyeza kitufe cha kunizima sauti. Nikaendelea, nikapandisha, wanasema nilifika hata kupunga mikono.

Nilipofumbua macho, Awiti ameshika mbavu. “Maman, mwone Baba! Kama sangara aliyetolewa majini!” Kicheko kile nilikuwa sijakisikia tangu mazishi. Halafu kikakatika. Akasema, “Mama angecheka.”

Akalia, na akaongea. Alimwambia Maman kwamba kila akimtaja mama yake, mimi huanza kuomba; akisubiri nimalize, chakula kinapoa na yeye hamu ya kusema imemwisha. Basi akaacha kumtaja. Nilifungua kinywa nijitetee. Bado nilikuwa nimezimwa. Maman aliniacha hivyo hivyo hadi kipindi kikaisha, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilisikiliza mpaka mwisho.

Siku hizi kwetu Ayoo anatajwa mezani, hasa jinsi alivyokuwa akiniigiza ninavyohubiri. Sala tunaiweka baada ya sahani.

Maman anakwenda kukaa na wajukuu na kupanda lengalenga, mchicha wa kwao, nyuma ya nyumba. Nilimuuliza kwa hofu, sasa ukiondoka nani atanizima? Akanipiga begani akasema, “Papa Owuor, una mtu nyumbani.” Na kweli. Ijumaa nimepewa sala ya kufunga, kwa masharti ya kamati, na anayesimamia kipaza sauti ni Awiti. Jana alipita ofisini kuuliza swichi iko upande gani.

Maman Esperance, asante kwa mkeka, kwa njugu, kwa sikio lile. Mungu akuzidishie siku, akupe mvua ya kutosha na wajukuu wasemaji. Mengine nitayamalizia kwenye maombi, nikiruhusiwa.