Bibi Dorkasi na Vyura Wanaozaa wa Lihanga

Marehemu Dorkasi Sanga alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 kijijini Ipelele, Makete, mtoto wa tatu wa Mzee Festo na Mama Feliciana. Alisoma hapo hapo hadi darasa la saba. Alipenda mno kuuliza maswali, na walimu wengine, tuseme ukweli, walimkwepa.

Mwaka 1973 alimfuata dada yake Makambako, wakawa wanawapikia madereva wa malori wali na maharage pale njia panda. Mpasua mbao mmoja wa Njombe, Ambrose Mwalongo, alikuja kula hata siku alizoshiba. Walifunga ndoa misheni tarehe 9 Oktoba 1976, wakahamia hapa Lihanga, Bibi akalima viazi, na kiangazi mboga za vinyungu, vile vibustani vya penye unyevu kule bondeni.

Huko bondeni, ukingoni mwa msitu wa familia, mwaka 1982 alifunua majani yaliyooza akamkuta chura anajifungua. Si mayai, jamani! Watoto kamili, wadogo kuliko punje ya maharage, kila mmoja na miguu yake. Alipanda kilima mbio, jembe begani: "Baba Angela! Chura amejifungua!" Baba Angela, yaani Ambrose, akauliza kama viazi vimeiva. Kijiji kilimtania miaka na miaka, naye hakuchoka kuwaburuta watu wakaone.

Mwaka 2015 alikuja mtafiti wa vyura, Jasmine, yeye na Bibi wakajilaza kifudifudi kwenye majani. Walipomwona chura na wanawe, wote wawili waliruka na kukumbatiana. Jasmine alieleza kwamba chura huyo hahitaji bwawa, anahitaji majani yenye unyevu chini ya miti ya asili. Msitu ukikatwa hana pa kwenda, na jamii yake tayari imo hatarini kutoweka. Tangu hapo Bibi hakuwa na mzaha na mtu mwenye shoka.

Babu Ambrose alipofariki Juni 2018, vijana waliingia msitu huo kukata kuni za msiba, kama ilivyo desturi, wakiongozwa na mdogo wake, Mzee Silvesta. Mjane haondoki mkekani. Bibi aliondoka! Aliteremka bondeni na khanga zake za msiba, akaukumbatia mti.

"Shemeji, rudi mkekani, unatuaibisha!"

"Nitarudi mkiondoka na mashoka yenu. Ambrose hapikiwi wali kwa kuni za hapa."

Siku hiyo waombolezaji walichelewa kula, na Mzee Silvesta alimnunia mwaka mzima.

Bibi alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2022. Alitibiwa Njombe, akafariki tarehe 3 Februari 2025. Hakuogopa kufa. Kilichomkosesha raha ni kimoja, na alituuliza kila tulipomtembelea: "Mkinizika, kuni mtatoa wapi?"

Jana asubuhi tulisikia honi barabarani. Lori kutoka Makambako, limejaa kuni mpaka juu, na juu ya kuni ameketi Mzee Silvesta, akipaza sauti: "Asiguse mtu hata kijiti cha msitu wa shemeji yangu!" Wanawake walipiga vigelegele msibani, na hatuoni aibu kulisema.

Ameacha watoto watatu, Angela, Timoth na Teodora, wajukuu tisa, shemeji yake Silvesta, na vyura wa Lihanga, ambao mvua hizi wanazaa.

Kuni zipo, Bibi. Sasa pumzika.